Acropolis ya Athens: Hilo Jiwe Miguuni Pako Si Kifusi

Tangu Septemba 2023, wanaopanda Acropolis ya Athens, kilima cha mahekalu ya kale ya Ugiriki, hawaruhusiwi kuzidi 20,000 kwa siku, na tiketi ina saa yake ya kuingia. Ukichelewa sana usimlaumu mlinzi wa lango. Viatu vya visigino virefu ni marufuku tangu 2009: uzito wote wa mtu hukusanyika kwenye ncha moja ndogo na kumega marumaru.

Sasa tuelewane kuhusu mawe. Vipande vilivyolazwa chini si mabaki ya ujenzi. Vimeorodheshwa, na mafundi bado wanatafuta kila kimoja kilibanduka wapi. Kuokota kipande, hata kidogo kama kokoto, ni kosa la jinai chini ya sheria ya mambo ya kale ya Ugiriki. Kusema ulikikuta chini si utetezi.

Wengi husema hekalu la Parthenon, lililojengwa kati ya 447 na 432 KK, lilianguka kwa uzee. Hapana. Lilidumu zaidi ya miaka 2,000 hadi tarehe 26 Septemba 1687, kombora la jeshi la Venice lilipotua kwenye baruti ambayo Waturuki waliihifadhi humo ndani. Waliokuja kulitibu nao wakaliumiza. Mafundi wa kale walifunga mawe kwa vibano vya chuma, wakavimiminia madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili maji yasivifikie. Ukarabati wa mwanzoni mwa karne ya 20 ukaweka chuma kitupu. Kikashika kutu, kutu ikavimba, marumaru ikapasuka kutoka ndani. Kazi iliyoanza miaka ya 1970 inaving'oa vibano hivyo na kuweka vya titani, metali isiyoshika kutu. Ndiyo maana ya zile winchi zinazowaharibia picha.

Wanawake sita wa mawe wanaobeba paa la kibaraza cha Erechtheion, hekalu jingine hapo kilimani, kwa taarifa yenu, ni nakala. Watano wa asili wako kwenye makumbusho chini ya kilima, mmoja yuko London.

Hadithi za Wagiriki wa kale husema hapo Erechtheion ndipo mungu wa kike Athena na mungu wa bahari Poseidon walipogombea mji. Poseidon alipiga mwamba kwa mkuki wa ncha tatu, yakabubujika maji ya chumvi. Athena akaotesha mzeituni, akapewa mji. Wajenzi waliacha tundu kwenye sakafu ya ukumbi wa kaskazini, na jingine kwenye dari juu yake, alama ya pigo hilo isifunikwe. Mwanahistoria wa kale Herodotus anaandika kwamba Waajemi walipouchoma mzeituni huo mwaka 480 KK, siku iliyofuata kisiki kilikuwa kimechipua urefu wa dhiraa moja. Mti mnaouona leo ulipandwa karne ya 20. Majani yake msiyachume.