Taya Limekaza, Mdomo Haufunguki: Maswali Tunayoulizwa Kwenye Chumba cha Meno

Mimi ni tabibu wa meno katika kituo cha afya cha kijijini, mkoa wa Dodoma. Karibu kila wiki napokea mtu aliyefunga kanga kichwani, shavu limevimba, mdomo hauingizi hata kijiko. Nikimuuliza lini ilianza, ananiambia "juzi". Anayemsindikiza anasema wiki ya pili hii.

Misuli ya kutafuna ni ipi?

Ni minne kila upande. Shika shavu karibu na pembe ya taya, kisha uma meno kwa nguvu: unaotuna hapo ni maseta. Panda na vidole hadi kwenye panja, uma tena: huo ni temporali, umetandaa kama upepeo. Iliyobaki, terigoidi ya ndani na terigoidi ya nje, imejificha nyuma ya taya. Mitatu hufunga mdomo. Terigoidi ya nje huvuta taya mbele na kusaidia kuufungua. Yote inatumwa na neva moja, ya tano kati ya neva za kichwa. Yatosha, hatufanyi mtihani.

Kinachouma ni jino, mbona taya ndilo limekaza?

Kwa sababu terigoidi ya ndani ni jirani wa gego la mwisho. Gego likioza, au likikwama wakati wa kuota, uambukizo unafika kwenye msuli, nao unajikaza na kukataa kunyooka. Jipime: simamisha vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye taya zima vinaingia vyote. Kikiingia kimoja, usingoje mnada upite ndipo uje.

Nimeambiwa jino lililovimba haling'olewi, nisubiri uvimbe ushuke. Ni kweli?

Si kweli. Maneno haya ndiyo yanayotuletea wagonjwa wakiwa hoi. Chanzo cha usaha ni hilo jino, na kadiri linavyokaa ndivyo usaha unavyotafuta njia ya kushuka shingoni.

Mbona jirani yangu alikwenda akarudishwa na dawa bila kung'olewa?

Inatokea. Penye usaha sindano ya ganzi haishiki vizuri, na mdomo uliofunga hauruhusu koleo kuingia. Hapo tunaweza kupasua jipu, tukatoa usaha, tukaanza dawa na kukupangia siku ya kung'oa. Lakini hayo huamuliwa baada ya kukuona. Jirani yako alikwenda. Wewe umebaki nyumbani ukisubiri uvimbe ushuke, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nikinywa rangi mbili za dukani kwanza, zile kapsuli za antibiotiki?

Hapana. Vidonge vinne vya kuungaunga vinapoza maumivu siku mbili, unarudi shambani, na usaha uko palepale. Ukishapewa dawa na mtabibu, maliza dozi, na siku ya kung'oa uje.

Na ugoro, au maji ya betri kwenye tundu la jino?

Jamani. Maji ya betri ni asidi. Nimeshaona fizi na ulimi vilivyoungua, na jino bado linauma. Ugoro nao hautoi usaha. Na msimpanue mgonjwa mdomo kwa nguvu kwa mpini wa mwiko, tafadhali.

Ni lini niende hospitali usiku huohuo?

Uvimbe ukishuka chini ya kidevu na kuwa mgumu, ulimi ukiinuka, ukishindwa kumeza mate, sauti ikibadilika, au pumzi ikiwa nzito. Mwaka 1836 daktari wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza uvimbe wa namna hii chini ya ulimi, na mpaka leo unaziba njia ya hewa vilevile. Mgonjwa akae wima njiani, msimlaze chali. Mwenye kisukari asingoje hata dalili hizo zitimie, maana kwake uambukizo unakimbia. Mjamzito naye anatibiwa, asidanganywe kwamba mpaka ajifungue.

Tena: jino lililovimba halisubiriwi.

Taya limekaza lakini sina jino bovu. Je?

Kama uliwahi kuchomwa na msumari au mwiba siku au wiki chache zilizopita, fikiria pepopunda. Mara nyingi huanzia kwenye misuli hii hii ya kutafuna. Mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya vizuri kisha akashindwa, hasa aliyepakwa kinyesi cha ng'ombe kitovuni, ni wa kukimbizwa hospitali. Si wa kufanyiwa dawa ya degedege nyumbani.

Mwanangu anasaga meno usiku. Ni minyoo?

Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba yake, lakini kusaga meno si kipimo cha minyoo. Wengi huacha wanapokua.

Nimeshang'olewa, taya bado gumu. Nitakula nini?

Uji, au ugali laini kwa mlenda. Kuanzia siku inayofuata, sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na ufungue mdomo polepole mara kadhaa kwa siku, kila siku kidogo zaidi ya jana. Miwa na nyama choma ya mnada wa Msalato viache kwanza. Wiki ikiisha na vidole vitatu bado haviingii, au mdomo ukizidi kufunga, rudi nikuone.