"Lakini kwenye VLC inacheza!": dhana potofu kuhusu mafaili yanayogoma kuingia kwenye Rivendell na LibreTime

Faili limekataliwa na Rivendell au LibreTime, programu huria za kuendesha kituo cha redio. Mtu analifungua kwenye VLC, kicheza sauti na video, linaimba vizuri, naye anatoa hukumu papo hapo: faili ni zima, programu ndiyo mbovu. Anayehudumia programu huria za redio husikia hukumu hiyo hadi masikio yakaota sugu, na karibu kila mara si ya kweli. Tutakaa nayo kuliko dhana nyingine, maana nyingi kati ya hizo zimezaliwa humo.

Dhana: Inacheza kwenye VLC, basi faili ni zima

VLC iliundwa isikate tamaa. Kiendelezi kikidanganya, inatazama yaliyomo. Kichwa cha faili kikitaja urefu wa uongo, inaupuuza na kusoma hadi mwisho. Fremu (vipande vidogo vya sauti) zikiwa zimeharibika, inaziruka mpaka ikute nzima. Kazi yake ni moja tu: sauti itoke sasa hivi.

Programu ya kuendesha redio ina mzigo mwingine. Kabla ya kulipokea faili inataka kujua kodeki (namna sauti ilivyobanwa), kiwango cha sampuli, idadi ya chaneli na, zaidi ya yote, urefu kamili, kwa sababu ratiba ya saa nzima itasimama juu ya urefu huo. Rivendell hulifungua faili, hulibadilisha liwe katika fomati ya maktaba yake, kisha huandika urefu kwenye hifadhidata. LibreTime hulipitisha kwenye huduma yake ya uchambuzi, ambayo husoma tagi, hupima ukubwa wa sauti na kuiuliza Liquidsoap, injini yake ya kurusha sauti, kama inaweza kulicheza. Hatua yoyote ikikwama, faili halipiti. Hapo programu imefanya kazi yake: afadhali faili ligome mchana mbele yako kuliko ligome saa nane usiku hewani.

Kwa hiyo acha VLC. Fungua terminali uandike:

`file kipindi.wav`

`ffprobe -v error -show_entries stream=codec_type,codec_name,sample_rate,channels:format=format_name,duration kipindi.wav`

`ffmpeg -v error -i kipindi.wav -f null -`

Amri ya kwanza inakwambia faili ni nini hasa, lijiite litakavyojiita. Ya pili inataja kilichomo ndani ya kasha, yaani faili linalobeba sauti. Ya tatu inalisoma faili lote mwanzo hadi mwisho na kuandika makosa tu. Ikinyamaza, sauti yenyewe ni safi, ingawa kichwa bado kinaweza kudanganya. Mstari mmoja pekee mkiani mwa MP3 unaweza kuwa mabaki ya tagi. Mistari hamsini ni faili bovu, hata kama sikio halijagundua.

Yafuatayo ndiyo utakayoyakuta mara nyingi.

WAV isiyo na urefu. Kichwa cha WAV kina sehemu inayotaja ukubwa wa sauti iliyomo, na kinasa sauti huijaza mwishoni, ukibonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikifa kabla ya hapo, ukubwa unabaki sifuri. ffmpeg nayo, ikitoa WAV kupitia bomba badala ya kuandika faili moja kwa moja, haiwezi kurudi nyuma kurekebisha kichwa, hivyo huacha namba kubwa kuliko zote, 0xFFFFFFFF. VLC haijali. Kiingizaji kinachoamini kichwa kitaona kipindi cha sekunde sifuri au cha saa nyingi kupita kiasi. Tiba haigusi sauti yenyewe:

`ffmpeg -ignore_length 1 -i kipindi.wav -c copy kipindi-zima.wav`

Kwenye Rivendell unaweza pia kuongeza `--fix-broken-formats` kwenye `rdimport`, amri yake ya kuingiza mafaili, lakini kulitengeneza faili lenyewe ni bora: litakuja kutumika kwingine pia.

WAV ambayo si PCM. WAV ni kasha tu. Ndani yake mnaweza kuwa na PCM (sauti isiyobanwa) ya biti 16, ya biti 24, namba za desimali za biti 32, ADPCM, na hata MP3. Mhariri akihifadhi kwa biti 32 za desimali kwa sababu "ndiyo ubora wa juu", anakuletea kitu ambacho baadhi ya viingizaji havikitaki. Jambo jingine lisilojulikana sana: ffmpeg ikiandika WAV ya biti 24, au yenye chaneli zaidi ya mbili, hutumia kichwa cha aina iliyorefushwa, si kile cha kawaida. Msomaji wa kizamani akikiona hudhani ni fomati ngeni. Biti 16, chaneli mbili, hapo hakuna anayebishana.

MP3 yenye urefu wa kubuni. MP3 haina kichwa kimoja cha faili zima; ni mlolongo wa fremu. Ikiwa bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) inapanda na kushuka, urefu sahihi hupatikana kwenye maandishi ya Xing ndani ya fremu ya kwanza. MP3 iliyokatwa, iliyounganishwa au iliyonaswa kutoka kwenye mkondo wa intaneti mara nyingi haina maandishi hayo. Msomaji mvivu hugawanya ukubwa wa faili kwa bitireti ya fremu ya kwanza. Fremu ya kwanza ikiwa ni ukimya wa kilobiti 32 na wastani wa wimbo ni kilobiti 192, wimbo wa dakika 4 unaandikwa dakika 24. Hapa pia huhitaji kubana upya:

`ffmpeg -i wimbo.mp3 -map 0:a:0 -c copy wimbo-safi.mp3`

Hiyo `-map 0:a:0` inachukua mkondo wa sauti peke yake na kuiacha picha ya jalada, ambayo ffprobe huionyesha kama video. Picha yenyewe haina ubaya, ila picha ya megabaiti kadhaa ndani ya wimbo wa megabaiti nne ni mzigo usio na mbeba.

Ujumbe wa sauti wa simu. Unaofika kupitia WhatsApp kwa kawaida ni kodeki ya Opus ndani ya kasha la Ogg. Ogg ya Vorbis na Ogg ya Opus ni vitu viwili tofauti. Programu kupokea moja haimaanishi itapokea nyingine.

Ukishachoka kubishana na faili moja moja, ipitishe sauti yote kwenye mlango mmoja:

`ffmpeg -nostdin -i chanzo -map 0:a:0 -ar 48000 -ac 2 -c:a pcm_s16le tayari.wav`

Weka 44100 badala ya 48000 ikiwa ndicho kiwango cha mfumo wako. Usiiache `-nostdin` unapoiweka amri hii ndani ya kitanzi cha `while read`: bila hiyo ffmpeg hula orodha ya majina iliyokuwa ikisubiri, na utashangaa kwa nini mafaili mia yamekuwa matatu.

Dhana: Badilisha .mp3 iwe .wav, itaingia

Haiingii. Na ikiingia, ni kwa sababu programu imelitazama faili ndani na kulipuuza jina ulilolipa. Kubadilisha jina ni kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi. Kinachoudhi zaidi ni kwamba anayekuja kutafuta tatizo baadaye anadanganywa na jina hilo hilo. Tumia `file`, tafadhali.

Dhana: Ni ruhusa tu, piga chmod 777

Ruhusa kweli husababisha mengi, lakini 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) kwenye faili haifungui folda zilizo juu yake. Mtumiaji anayeendesha uingizaji anahitaji haki ya kupita katika kila folda ya njia hiyo. Amri inayojibu swali hili kwa mara moja ni:

`namei -l /njia/nzima/ya/faili.wav`

Huorodhesha kila ngazi, mmiliki wake na ruhusa zake. Pale inaposema huruhusiwi ndipo penye ugonjwa.

Mfano unaojirudia ni flashi. Ukiichomeka kwenye kompyuta yenye mazingira ya dirisha, hufunguliwa chini ya `/media` au `/run/media` katika folda ya mtumiaji aliyeingia, na mtumiaji huyo peke yake ndiye anayeruhusiwa kupita. Wewe unaliona faili, huduma inayoendeshwa kwa jina jingine hailioni. Isitoshe, flashi ya FAT au exFAT haihifadhi ruhusa za Linux kabisa: mmiliki huamuliwa wakati wa kuiunganisha, kwa `uid=`, `gid=` na `umask=`. Hapo chmod 777 ni kumpigia mbuzi gitaa. Nakili kwanza kwenye diski ya ndani, ndipo uingize. Hili lingeandikwa kwa rangi kwenye mlango wa kila studio, nusu ya simu za usiku zingekoma.

Dhana: Nakili mafaili moja kwa moja kwenye /var/snd

Hapana. Rivendell haisomi folda hiyo, ghala lake la sauti, kutafuta nyimbo mpya, husoma hifadhidata. Sauti ndani ya `/var/snd` hupewa majina kama `010001_001.wav`, yaani karti (rekodi ya wimbo au kipindi) namba 010001, kipande cha 001, na kila jina lina safu yake kwenye hifadhidata. Faili ulilolitupia humo ni yatima. Vivyo hivyo kwa folda ya hifadhi ya LibreTime. Waliozoea folda za kuangaliwa za Airtime, programu iliyoizaa LibreTime, wajue kwamba LibreTime iliziondoa. Kwa wingi wa mafaili kuna `libretime-api bulk_import`. Kwenye Rivendell tumia RDLibrary (programu yake ya maktaba), `rdimport` au dropboksi, yaani folda inayotazamwa ambayo faili linalowekwa humo huingizwa lenyewe.

Dropboksi nayo ina mtego wake. Usinakili faili kubwa humo polepole kupitia mtandao. Linakili kwenye folda jirani iliyo kwenye diski hiyo hiyo, kisha lihamishe kwa `mv`. Ndani ya diski moja uhamisho ni wa mara moja, hakuna nusu faili. Na ikiwa dropboksi haikuwekwa ifute chanzo, hukumbuka mafaili iliyokwisha kuyaona. Kama uliifuta karti ukitegemea ijirudie yenyewe, utasubiri sana. Irudishe dropboksi mwanzo kupitia RDAdmin, programu ya usimamizi ya Rivendell.

Dhana: Programu imekata mwanzo wa wimbo na kupunguza sauti

Uliiambia ifanye hivyo. Rivendell kwa kawaida husawazisha kilele cha sauti kwenye -13 dBFS (desibeli 13 chini ya kiwango cha juu kabisa cha dijitali) na kupunguza kingo zilizo chini ya -30 dBFS. Wimbo unaoanza kwa kunong'ona utaonekana umekatwa kichwa. Upunguzaji wa kingo ni alama tu, sauti bado ipo. Fungua kihariri cha alama uzivute nyuma. Usawazishaji umekwisha kuandikwa ndani ya faili. Huo hauondoki mpaka uingize upya. Kwa muziki wa kimya kimya zima upunguzaji kwa `--autotrim-level=0`.

Dhana: Faili ni kubwa mno kwa programu

Mara nyingi ni kubwa mno kwa mlinda mlango, yaani seva ya wavuti inayopokea faili. Nginx isiyoguswa inakubali megabaiti 1 tu kwa ombi moja (`client_max_body_size`), na PHP isiyoguswa inakubali faili la megabaiti 2 (`upload_max_filesize`) ndani ya ombi la megabaiti 8 (`post_max_size`). Usakinishaji wa LibreTime hupandisha viwango vyake, lakini ukiweka nginx nyingine mbele kwa ajili ya HTTPS, ile ya mbele inabaki na megabaiti yake moja. Kosa namba 413 ndilo dalili. Kisha angalia nafasi kwa `df -h`, hasa `/tmp`, na `df -i` pia, maana diski inaweza kuwa na nafasi lakini ikaishiwa nodi za mafaili.

Ukomo halisi wa fomati upo: WAV ya kawaida haivuki gigabaiti 4. Kwa 44100 Hz, biti 16, chaneli mbili, hiyo ni saa 6 na dakika 45 hivi. Kwa 48000 Hz na biti 24 ni saa 4 na dakika 8. Anayenasa mkesha mzima kwa WAV moja akate vipande au atumie FLAC, fomati inayobana bila kupoteza ubora.

Dhana: Kugeuza MP3 kuwa WAV huongeza ubora

Hapana. Kilichotupwa hakirudi.

Dhana: Majina yenye nafasi huvunja programu

Huvunja hati zako zisizo na alama za kunukuu. Andika `"$f"`, si `$f`. Jina la kuogopwa ni lile linaloanza na `._`, kama `._wimbo.mp3`: ni kijifaili cha kilobaiti chache kinachoachwa na kompyuta za Mac kwenye flashi, hakina sauti hata chembe, na ndicho hujaza logi kwa makosa. Kifute:

`find . -name '._*' -delete`

Dhana: Ikigoma kabisa, sakinisha upya

Utaisakinisha na tatizo lako ndani yake. Soma logi kwanza. Kwa Rivendell endesha `rdimport --verbose` kwa mkono na faili moja, tazama logi ya makosa ya Apache pia, kwa sababu uingizaji hupitia huduma yake ya wavuti. Hakikisha kundi la karti bado lina namba zilizo wazi: kundi lililopewa 010001 hadi 010999 hubeba karti 999, ya elfu haina pa kukaa.

Kwa LibreTime endesha `journalctl -u libretime-analyzer -f` huku ukipakia faili. Kama mafaili yote, hata yale mazima, yanabaki kusubiri na logi imenyamaza, mafaili hayana kosa. Ujumbe haufiki kwa mchambuzi. Mtazame RabbitMQ, programu inayobeba ujumbe kati ya huduma za LibreTime. Ikiwa kuna mtu aliyebadilisha jina la seva hivi karibuni, umempata: RabbitMQ hufunga data zake kwenye jina la kompyuta, na likibadilika huanza upya ikiwa tupu, bila watumiaji wala njia zilizokuwepo. Rudisha jina la zamani, iwashe upya, kisha upakie faili moja dogo la majaribio kabla ya kugusa kingine chochote.