Chipu nyingi si ruhusa ya kufuata kila dau

Wanaocheza poka ya mashindano hapa Mombasa na kuja kwangu kufundishwa wana kauli moja ambayo nimechoka kuisikia: "Kocha, nilikuwa na rundo, hata ningepoteza ningebaki mchezoni." Rundo ni chipu zake, vibao vya kuwekea dau. Anayeisema huwa ameshatoka, tena wa nane, baada ya kuongoza meza.

Dhana: Mwenye chipu nyingi anaweza kumfuata yeyote.

Nguvu ya rundo kubwa iko katika kuanza, si katika kufuata, yaani kulipa dau la mwingine. Ukipandisha dau wewe kwanza, una njia mbili za kushinda: wenzako watupe karata, au karata zako ziwe bora. Ukimfuata aliyetia chipu zake zote, umebaki na njia moja tu. Silaha yako umeiweka chini mwenyewe.

Mmebaki 10, wanaolipwa ni 9. Blaindi, madau ya lazima ya wachezaji wawili, ni 1,000 na 2,000; anti, dau la lazima la meza nzima kwa pamoja, ni 2,000. Una 120,000. Wa pili kwa wingi, mwenye 90,000, anatia zote, nawe umeshika ree na kumi. Mkono unakuwasha. Tupa! Mtu mwenye chipu zile hatii zote wakati huu bila karata nzito, na ikiwa ree yake ina mwenzi mkubwa kuliko kumi yako, utashinda kama mara moja kati ya nne. Ukipoteza unabaki na 30,000, na ubabe wa meza umemkabidhi yeye.

Na ukishinda? Thamani ya rundo lako haipandi kwa kadiri chipu zilivyoongezeka, kwa sababu hata atakayemaliza na chipu zote za ukumbi hapewi mfuko mzima wa zawadi. Analipwa zawadi ya kwanza tu, zilizobaki ni za wengine. Ndiyo maana chipu unayopoteza ina uzito kuliko unayoipata. Waliokulia kwenye mchezo wa karata wa wahedi wa sitini hapa ndipo wanapokwama: kule ukifika pointi 61 umeshinda, yamekwisha. Huku kuongoza peke yake hakulipi hata shilingi.

Chipu hizo zielekeze kwa wa katikati, wenye 30,000 au 40,000. Hao hawataki kutoka kabla ya yule aliyebakiwa na 10,000, kwa hivyo watakutupia karata ambazo saa mbili nyuma wangekufuata nazo.

Dhana: Tulia, mvumilivu hula mbivu.

Blaindi hazikungojei. Mezani pana 5,000 kabla hujagusa kitu. Pandisha hadi 4,000. Wakitupa mara 4 kati ya 9 tu, umesharudisha gharama, hata karata zako zikiwa takataka.

Dhana: Mwenye chipu chache atolewe haraka.

Huyo ndiye anayewatia woga wa katikati. Akitoka, wote wameshalipwa na woga umekwisha. Usimwinde. Lakini akitia zote, wengine wametupa, nawe uko kwenye blaindi kubwa, unaongeza 8,000 kugombea 15,000. Hapo fuata kwa karata nyingi, hasara yake haikuumizi.

Dhana: Rundo kubwa linamtisha kila mtu.

Halimtishi anayekukaribia kwa wingi wa chipu. Mwenye 90,000 akikaa kushoto kwako, anaamua baada yako karibu kila mkono. Hesabu chipu zake kabla hujagusa zako, na upandishaji wa dau kwa karata hafifu uupunguze.