Utando wa heliamu supafluidi: kimiminika kinachopanda ukuta wa chombo

Aliyekulia vijijini Moshi, kama nilivyokulia mimi Kibosho, anaijua koroboi: hata uifute asubuhi kwa kitambaa kikavu, ukiishika jioni vidole vitatoka na mafuta, ingawa kopo halivuji na hakuna aliyemwaga kitu. Mafuta ya taa hupanda kutoka ndani, hupita kwenye mdomo pale utambi unapotokea, kisha husambaa upande wa nje yakiwa utando mwembamba usioonekana. Nimechagua kuanzia hapo kwa sababu habari ya heliamu inayopanda ukuta wa chombo husimuliwa mno kama muujiza, na mwanafunzi anayepewa muujiza hubaki na mshangao bila kuelewa.

Heliamu ni gesi ileile ya maputo, ambayo mwaka 2016 ilitangazwa kupatikana kwa wingi hapa Tanzania katika Bonde la Rukwa. Ikipozwa hadi nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri huwa kimiminika, jambo ambalo Heike Kamerlingh Onnes alilifanikisha kwa mara ya kwanza mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1908. Ikipozwa zaidi, hadi kelvini 2.17 (nyuzi 271 hivi za Selsiasi chini ya sifuri), mapovu ya kuchemka hukoma ghafla na kimiminika huanza kupita katika nyufa nyembamba bila kukwamishwa na mnato, ule ukinzani wa ndani unaofanya asali ichelewe kumiminika kuliko maji. Hali hiyo, iliyotangazwa Januari 1938 na Pyotr Kapitza wa Moscow na, kwa wakati uleule, John Allen na Don Misener wa Cambridge, ndiyo inayoitwa supafluidi.

Utando wa heliamu supafluidi ni tabaka la kimiminika hicho linalofunika ukuta wa chombo juu ya usawa wa kimiminika chenyewe. Kinacholishikilia ni mvuto wa van der Waals, yaani mvuto kati ya atomu zilizo karibu, ulio hafifu lakini wa hakika, kwani atomu za heliamu huvutwa na kioo kwa nguvu zaidi kuliko zinavyovutana zenyewe kwa zenyewe. Uzito huzivuta chini, ukuta huzivuta kwake, na unene wa utando hupatikana pale mivuto hiyo inapolingana: sentimita moja juu ya usawa ni takriban nanomita 30 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), yaani tabaka za atomu zisizofika 100, na hupungua kadiri utando unavyopanda.

Mpaka hapo heliamu haijaipita koroboi. Utando wa namna hiyo huweza kuwapo kwa vimiminika vingi, ila kwa wembamba huo mnato huufunga usiweze kusogea kwa kiasi cha maana, na joto kidogo tu hutosha kuukausha. Supafluidi haina breki hiyo, na tena husafirisha joto kwa wepesi wa ajabu, kwa hiyo utando wake hubaki na joto moja na hutiririka.

J. G. Daunt na Kurt Mendelssohn walilipima jambo hili huko Oxford mwishoni mwa miaka ya 1930. Kikombe kitupu kikizamishwa nusu ndani ya heliamu hujaa chenyewe hadi usawa wa ndani ulingane na wa nje. Kikiinuliwa juu kabisa, matone huning'inia chini ya kitako na kudondoka moja moja mpaka kiishe. Kasi yake si kubwa: kwenye kioo safi ni karibu sentimita za ujazo 0.000075 kwa sekunde kwa kila sentimita ya mzingo, hivyo kikombe cha chai chenye mdomo wa mzingo wa sentimita 25 kingepoteza mililita 7 hivi kwa saa. Linalonigusa zaidi ni kwamba kiasi hicho karibu hakibadiliki, uwe umekiinua kikombe kidogo au sana. Maji kwenye mpira wa bustani hayafanyi hivyo. Utando hutiririka kwa mwendo wa juu unaoruhusiwa, kiasi cha sentimita 25 kwa sekunde, na ukilazimishwa kuuzidi, usupafluidi huanza kuvunjika.

Utando ukipunguzwa hadi tabaka chache za atomu, visulisuli vidogo ndani yake, ambavyo kwenye baridi kali hukaa viwili viwili vikizunguka kinyume, huachana joto likipanda, na usupafluidi hutoweka kwa mruko mmoja. Nadharia hiyo ya wanafizikia Kosterlitz na Thouless ilithibitishwa na vipimo vya Bishop na Reppy mwaka 1978, na iliwapatia Kosterlitz na Thouless Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Kwamba ukuta ndio unaovuta kulionekana wazi mwaka 1991, pale ilipojaribiwa seziamu, metali ambayo mvuto wake kwa heliamu ni dhaifu kupita kiasi. Ukanda wa seziamu uliopakwa ndani ya mrija wa kioo ulitosha kuusimamisha utando, nayo heliamu, isiyo na mnato wowote wa kuizuia, haikuvuka.