Kwotabeki wa Akiba Anayehamahama: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Shabiki wa soka anayeanza kufuatilia futiboli ya Marekani humfananisha upesi kwotabeki wa akiba, yaani msaidizi wa mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, na golikipa namba mbili: nafasi uwanjani ni moja tu, mwenye nafasi hiyo hatolewi kwa sababu ya uchovu, na anayesubiri anaweza kusugua benchi msimu mzima bila jezi yake kuchafuka. Mfanano huo unasaidia, ila una upungufu mmoja ambao ndio mzazi wa nusu ya dhana potofu kuhusu kazi hii. Golikipa wa pili akiingia, anafanya yaleyale aliyoyafanya mazoezini tangu Jumatatu, ilhali kwotabeki wa akiba huingia kuongoza mashambulizi ambayo wiki nzima hakupewa nafasi ya kuyafanyia mazoezi ya kutosha.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mtu huyu hulipwa kwa kukaa. Ukweli ni kwamba katika timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, karibu mazoezi yote ya kikosi cha kwanza humwendea kwotabeki namba moja, na wa akiba hupewa kazi ya kuigiza mpinzani: anaongoza kikosi cha pili, anarusha pasi kama anavyorusha kwotabeki wa timu watakayokutana nayo Jumapili, ili mabeki wa timu yake wamzoee adui. Kwa hiyo hujifunza mipango miwili kwa wakati mmoja, ule wa mpinzani anaouigiza kwa mwili na ule wa timu yake anaoubeba kichwani.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mtu aelewe amri moja inavyotolewa. Tangu mwaka 1994 kwotabeki amekuwa na kipokea sauti ndani ya helmeti, na kocha humsemesha kwa njia hiyo kabla ya kila shambulizi. Saa ya kuanzisha mchezo ikibakiza sekunde 15, sauti hukatwa. Amri yenyewe yaweza kuwa na maneno kumi au zaidi, yakitaja mpangilio wa wachezaji, nani asogee kabla ya mpira kutolewa, walinzi wamkinge vipi, na kila mpokeaji wa pasi akimbie njia ipi. Kwotabeki huisikia, huirudia bila kugugumia mbele ya wenzake kumi walioinama kumzunguka, kisha hutazama ulinzi uliopangwa mbele yake na kuamua kama amri ibaki ilivyo au ibadilishwe. Anayetakiwa kufanya hayo mwezi Januari huenda mara ya mwisho kuwaongoza wenzake hao katika mechi ilikuwa Agosti, kabla ya msimu kuanza.

Anayehama timu hukuta pia kwamba shambulizi lilelile lina jina jingine, na neno alilolizoea lina maana nyingine kabisa. Ni kama kuhamia nchi ambayo lugha yake inafanana na yako kiasi cha kukupotosha. Josh Johnson anaijua hali hiyo kuliko yeyote. Timu ya Tampa Bay walimchagua wa 160 mwaka 2008 kutoka Chuo Kikuu cha San Diego, katika uteuzi wa kila mwaka ambao timu hupokezana kuchagua wachezaji wapya wa vyuo, na tangu hapo maisha yake yamekuwa mguu na njia, kwani amepitia timu 14 za NFL, idadi ambayo ni rekodi. Desemba 2018, Washington walikuwa wamewapoteza makwotabeki wawili, Alex Smith na Colt McCoy, kila mmoja kwa kuvunjika mguu, wakaamua kumwita Johnson, ambaye hakuwa amerusha pasi katika mechi ya msimu wa kawaida tangu 2011. Ili ayajue majina ya wenzake wapya, alicheza na timu hiyo kwenye mchezo wa kompyuta wa Madden. Tarehe 16 mwezi huohuo aliwaongoza kuifunga Jacksonville 16–13, ukiwa ushindi wake wa kwanza kama kwotabeki wa kuanza, miaka kumi baada ya kuingia kwenye ligi.

Wapo wanaohesabu timu alizopitia mchezaji kisha wakazisoma kama orodha ya mahali alipofeli. Hesabu hiyo inasahau jinsi soko lenyewe linavyofanya kazi. Mishahara ya timu ina kikomo kilichowekwa na ligi, sehemu kubwa ya mkataba kwa kawaida haina dhamana, na kocha akifukuzwa huondoka na lugha yake ya mchezo, hivyo aliyeletwa kwa sababu ya lugha hiyo hubaki hana kazi. Ryan Fitzpatrick alisaini na Buffalo mwaka 2011 mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 59, na Machi 2013 akatemwa. Mhitimu huyu wa Harvard, aliyechaguliwa wa 250 mwaka 2005, alianza mechi akiwa na timu tisa tofauti, jambo ambalo hakuna kwotabeki aliyelifanya kabla yake. Mwaka 2015 alirusha pasi 31 za tachidauni, yaani za kufunga bao, akiwa na New York Jets, ambayo ni rekodi ya klabu hiyo, lakini mechi ya mwisho wakafungwa na Buffalo hao hao waliomtema na wakakosa nafasi ya mtoano. Misimu 17 aliyocheza ilipita bila mechi hata moja ya mtoano, na kwa wengi hilo linatosha kumhukumu. Binafsi naona misimu 17 katika ligi ambayo wengi hawafikishi mitano ni hukumu ya aina nyingine.

Miami, mwaka 2020, walimweka benchi timu ikiwa na ushindi tatu na vipigo vitatu, ili kijana wao mpya, Tua Tagovailoa, aanze kujifunza kazi. Tarehe 26 Desemba, mjini Las Vegas, kijana alitolewa robo ya mwisho na Fitzpatrick akaingizwa. Zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 20 na Miami wakiwa nyuma kwa pointi mbili, mlinzi alimkamata kwa vyuma vya mbele vya helmeti na kumgeuza kichwa upande. Akarusha hivyohivyo, bila kuona alikotupa, na mpira ukamfikia Mack Hollins yadi 34 mbele. Miami walishinda 26–25. Mechi iliyofuata aliyeanza ni Tagovailoa.

Kuhama kwingine huwa ni kufuata watu. Chase Daniel, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2009, alikuwa Kansas City wakati Doug Pederson na Matt Nagy wakiwa makocha pale. Pederson alipopewa timu ya Philadelphia mwaka 2016 akamchukua Daniel, na Nagy alipopewa Chicago mwaka 2018 naye akafanya vivyo hivyo. Kocha mpya anahitaji mtu wa kuwafasiria wachezaji lugha yake, na mkalimani wa namna hiyo haokotwi mtaani.

Daniel huyohuyo ndiye chanzo cha dhana nyingine, kwamba kazi hii ni njia rahisi ya utajiri, kwa kuwa alianza mechi tano tu za msimu wa kawaida na kulipwa zaidi ya dola milioni 40. Ni kweli, na ni nadra. Mwaka 2024 kima cha chini kilikuwa dola 795,000 kwa msimu kwa mchezaji mgeni na dola milioni 1.21 kwa mwenye misimu saba au zaidi. Fedha nyingi bila shaka, ila huhesabiwa wiki kwa wiki, na anayeachwa Oktoba hapokei za Novemba kama mkataba wake hauna dhamana.

Kuna wanaodhani pia kwamba yeyote anaweza kuziba pengo. Denver walilipima wazo hilo bila kutaka tarehe 29 Novemba 2020, baada ya makwotabeki wao wote kuzuiwa kucheza kwa kanuni za korona siku moja kabla ya mechi. Aliyevaa viatu vyao ni Kendall Hinton, mpokeaji wa kikosi cha mazoezi aliyewahi kuwa kwotabeki chuoni. Kati ya pasi tisa alifikisha moja, ya yadi 13, mbili zikanaswa na wapinzani, na New Orleans wakashinda 31–3. Kijana hakuwa na kosa lolote.

San Francisco walipata somo gumu zaidi tarehe 29 Januari 2023, mjini Philadelphia, katika mechi ya kuamua nani aende Super Bowl, fainali ya ligi. Kwotabeki wao wa kwanza na wa pili walikuwa wameshaumia ndani ya msimu. Wa tatu, Brock Purdy, mchezaji wa mwisho kabisa kuchaguliwa mwaka 2022, aliumia kiwiko mapema robo ya kwanza. Aliyeingia ni Josh Johnson, tuliyemwacha Jacksonville, naye robo ya tatu akapata mtikisiko wa ubongo. Purdy akalazimika kurudi na mkono usioweza kurusha mbali, na wapinzani, wakijua hakuna pasi ya kuogopa, wakamalizia mechi 31–7. Mei mwaka huo ligi ilibadilisha kanuni ili timu iruhusiwe kuwa na kwotabeki wa tatu wa dharura siku ya mechi.

Imani ya mwisho, ambayo mashabiki huipenda kwa sababu inafanana na hadithi, ni kwamba wa akiba akishinda basi kiti ni chake. Earl Morrall alichukuliwa na Miami mwaka 1972 kwa ada ya dola 100 akiwa na umri wa miaka 37. Bob Griese alipovunjika mguu katika mechi ya tano, Morrall alianza mechi zote tisa zilizobaki za msimu wa kawaida na kushinda zote, katika msimu ambao Miami hawakufungwa hata mara moja. Griese alipopona, fainali alicheza Griese.

Usiku wa tarehe 4 Februari 2018 Philadelphia waliifunga New England 41–33 katika Super Bowl, na timu ile iliongozwa na watu watatu wa benchi: kocha mkuu Doug Pederson, aliyewahi kuwa msaidizi wa Brett Favre, kocha wa mashambulizi Frank Reich, aliyekaa miaka nyuma ya Jim Kelly kule Buffalo, na kwotabeki Nick Foles, aliyeingia Desemba baada ya Carson Wentz kuumia goti. Foles alichaguliwa mchezaji bora wa fainali, na msimu uliofuata, Wentz alipopona, Foles akarudi benchi. Machi 2019 Jacksonville walimpa mkataba wa dola milioni 88 awe namba moja. Robo ya kwanza ya mechi yake ya kwanza alivunjika mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, akaingia wa akiba, kijana aliyechaguliwa raundi ya sita aitwaye Gardner Minshew, na mwaka mmoja hivi baada ya kusaini, Foles akauzwa Chicago.