Kipaza sauti hakipazi sauti

"Shehe, usijitaabishe, wewe zungumza tu polepole. Hicho ni kipaza sauti."

Kijana aliyesema hivyo alikuwa ameshabana maiki ndogo isiyo na waya kwenye mfuko wa chini wa koti la mzee, pembeni ya kiuno, ili isionekane kwenye picha. Mhadhara ulipoanza tukasikia feni ya dari, kisha koti likisuguana na kanzu, na nyuma ya hayo yote mzee akizungumza kama aliye chumba cha pili. Kijana akaongeza geini, yaani kiwango cha kukuza sauti. Feni ikaongezeka. Akaongeza tena, spika zikapiga mluzi na akina mama wakaziba masikio.

Maneno yale ya kumtuliza mzee nimeyasikia harusini, kwenye semina na misibani, na kila mara yanazaa matokeo yaleyale. Basi niseme maiki ni nini. Ni kifaa kinachogeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Ndani yake mna utando mwembamba uliowambwa kama ngozi juu ya ngoma. Sauti ikiupiga, unatikisika, na mtikisiko huo unatoka ukiwa umeme hafifu mno, usioweza kuliza hata spika ya redio ya mkononi. Kazi ya kuukuza umeme huo ni ya amplifaya, na kazi ya kuurudisha hewani ni ya spika.

Tatizo limo ndani ya neno lenyewe. Kupaza kunatokana na kupaa: kinachopazwa kinapandishwa juu. Ukilisoma neno kipaza sauti kama lilivyo, unayemtaja ni spika. Na mara nyingine ndivyo tunavyolitumia hasa. Mtu akilalamikia vipaza sauti vya msikiti au vya kanisa, hakuna anayefikiria maiki ya mwadhini wala ya mchungaji, sote tunawaza zile spika za juu. Kesho yake mtu huyohuyo anaagiza "kipaza sauti kipelekwe kwa mgeni rasmi" na tunajua anataka maiki. Neno moja limebebeshwa vitu viwili vilivyo kwenye ncha mbili tofauti za safari ya sauti: pale inapoingia na pale inapotokea.

Lugha yetu ina kitenzi kinachoifaa maiki kuliko hicho, nacho ni kunasa. Kinasa sauti tunalo, ila lilichukuliwa mapema na mashine za kurekodia kanda, maiki ikabaki na jina la spika. Nalisikitikia hilo, kwa sababu kunasa kunakufundisha kazi nzima. Mwenye ulimbo haupaki popote tu kisha akangoja ndege wamfuate. Anaupaka kwenye tawi wanalotua. Maiki nayo hunasa kinachopita mbele yake. Ikiwa karibu na mdomo, itanasa maneno. Ikiwa kiunoni, itanasa koti na feni, na maneno kwa mbali.

Umbali hapa unauma kuliko watu wanavyodhani. Kila unapozidi mara mbili, sauti inayotoka mdomoni hupungua kwa kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Toa maiki sentimita 20 kutoka mdomoni uipeleke sentimita 60, na shinikizo la sauti linaloifikia linabaki karibu theluthi. Feni haikupungua chochote. Geini haijui lipi ni neno la shehe na lipi ni upepo. Inakuza vyote vilivyokwisha kunaswa, kwa kiasi kilekile. Na ukiipandisha mno pale kwenye kiboksi kilichoungwa na maiki, kinachorusha sauti kwa mawimbi ya redio, mzee akinyanyua sauti kidogo tu inapasuka, na sauti iliyopasuka huwezi kuishona tena.

Kwa Kiingereza maiki hizi ndogo za kubana nguoni zina jina jingine, lavalier, na asili yake ni kidani cha shingoni kilichonasibishwa na Louise de La Vallière, mwanamke wa Ufaransa wa zama za mfalme Louis XIV. Maiki za mwanzo za aina hii zilining'inizwa shingoni kwa kamba, kama kidani. Jina lile, hata kama limetoka kwenye mapambo, linakuelekeza mahali: kifuani.

Mapumziko yalipofika nilimwomba kijana ruhusa, tukaihamisha maiki kwenye ukosi wa koti, morita moja (toka kidole gumba hadi cha shahada) chini ya kidevu, upande ambao kilemba hakikuufikia. Waya mfupi unaoiunga na kile kiboksi tuliukunja kitanzi kidogo nyuma ya kibanio, ili ukivutwa usitikise maiki yenyewe. Kipokezi kinachodaka mawimbi ya kiboksi, kilichokuwa kimefichwa nyuma ya jukwaa, tulikiweka mezani, mahali kinapoonana na mzee bila kiwiliwili cha mtu kati yao, maana mwili wa binadamu umejaa maji na maji huyala mawimbi hayo. Geini tukairudisha chini, karibu nusu ya pale ilipokuwa. Mzee alipoanza tena, feni ilikuwa bado inazunguka na hakuna aliyeisikia.

Simwambii mtu aache kusema kipaza sauti. Neno limeshakaa vinywani, na mimi mwenyewe hulitumia nikiwa na haraka. Lakini unapombana mtu maiki kifuani, usimwahidi kwamba itampandishia sauti. Mwambie, "Shehe, hiki kinanasa tu, ndiyo maana nakisogeza karibu na mdomo wako."