Umande ni upepo pia

Ukimuuliza mtu wa bara umande ni nini, atakuambia ni matone ya alfajiri yanayolowesha majani na miguu ya anayewahi shambani. Ukimuuliza mvuvi wa Pangani, atakuambia ni upepo. Wote wawili wamesema kweli, na kamusi zinazikubali maana zote mbili. Hapa nataka kuieleza hiyo ya pili, upepo mwembamba unaotoka nchi kavu kwenda baharini wakati wa usiku. Nataka pia kuonyesha kwamba waliovipa vitu hivi viwili jina moja walikuwa wameona jambo kubwa.

Chanzo chake ni tofauti ya kupoa. Kilo moja ya maji inahitaji joto karibu mara tano ya lile la kilo moja ya mchanga mkavu ili ipande digrii 1, kwa hiyo ina joto jingi la kupoteza kabla ya kushuka digrii hiyo 1. Tena maji huchanganyika: ya juu yakipoa huzama, ya chini yenye uvuguvugu yakapanda. Mchanga hauna njia hiyo. Ni tabaka lake la juu tu lililopata joto mchana, na jua likishazama joto hilo linapotea angani upesi. Tembea ufukweni bila viatu saa nne usiku uhakikishe mwenyewe: mchanga unakupoza nyayo, halafu wimbi linakuja na maji yenye joto. Hewa iliyolala juu ya nchi hupoa pamoja na nchi, ikawa nzito, ikaanza kuteremka kufuata bahari, ambako hewa ni nyepesi na inapanda. Mteremko huo wa hewa ndio umande wa baharia.

Sasa rudi kwenye majani. Yanalowa kwa sababu usiku wa anga safi majani hupoteza joto lake mpaka mvuke uliomo hewani, ukiyagusa, unageuka matone. Ni joto lilelile, linalotorokea anga ileile. Mawingu yakitanda, hufanya kazi ya blanketi: majani hubaki makavu, na upepo wa nchi kavu nao huwa hafifu au hauji kabisa. Vitu viwili, chanzo kimoja, neno moja. Mimi kila nikilifikiria hili nazidi kuipenda lugha hii, kwa kuwa aliyelitumia neno hilo mara ya kwanza hakuwa na kipimajoto, ila alikuwa na macho na ngozi.

Umande hauji mara jua linapozama. Upepo wa mchana utokao baharini kwanza hufa, kisha hufuata kipindi cha shwari ambacho huenda kikachukua saa kadhaa, tanga linaning'inia kama nguo kwenye kamba. Baadaye, usiku ukishakomaa, ndipo hewa inapoanza kusogea, na huwa na nguvu zaidi karibu na alfajiri. Jua likishapanda na nchi ikaanza kupata joto, unakwisha. Msimu nao una neno. Wakati wa maleleji, kusi na kaskazi zinapopokezana, umande hutawala usiku peke yake. Kusi ikikaza hauonekani kama upepo wa kujitegemea, lakini haujaondoka: asubuhi kusi huvuma ikitokea zaidi upande wa nchi kavu, na alasiri ikitokea zaidi upande wa bahari.

Nguvu yake ni ndogo. Katika kipimo cha upepo alichokitunga Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1805, namba 1 ni upepo wa kilomita 1 hadi 5 kwa saa, ambao unajua unakotoka kwa kutazama moshi tu. Umande mara nyingi uko hapo au juu yake kidogo. Lakini ngalawa ni nyembamba na nyepesi, na upepo huo unaitosha kutoka nje ya mwamba kabla hakujapambazuka. Vizazi kwa vizazi wavuvi wa matanga wametoka na umande na kurudi na upepo wa bahari mchana, bila tone la petroli.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili mjomba aliponichukua safari ya namna hiyo. Tulitweka tanga saa kumi alfajiri na halikujaa. Aliniwekea kopo mkononi akaniambia nilirushie tanga maji ya bahari. Nilidhani ananipa kazi ya kuniondoa usingizi. Kumbe kitambaa cha pamba kikilowa, nyuzi zake huvimba na matundu huziba, hata pumzi ndogo ya upepo haipenyi tena. Tanga likatuna polepole. Akanikataza kuhamahama, kwa maana kila chombo kikitikisika tanga hukung'uta upepo wote liliokusanya. Yeye mwenyewe alishika usukani kwa vidole viwili, kwani ukiukata kwa nguvu unakuwa breki. Hakuwa akitazama tanga. Alikuwa amegeuza shavu upande wa nchi kavu, na mara akasema, "Unaisikia harufu ya moshi?" Niliisikia, moshi wa makumbi uliochanganyika na tope la mikoko. Upepo wenyewe nilikuwa bado sijauhisi.

Watu wa mbali nao wanaujua, kwa majina yao. Kwenye Ziwa Geneva, kati ya Uswisi na Ufaransa, upepo wa usiku utokao nchi kavu huitwa morget. Ziwa hilo ndilo lenye mashindano ya matanga ya Bol d'Or, yaliyoanza mwaka 1939: kilomita 123, kutoka Geneva hadi Le Bouveret upande wa pili wa ziwa na kurudi. Mwaka 1994 boti iitwayo Triga IV iliimaliza njia hiyo kwa saa 5 na dakika 1. Hilo ni suala la upepo mkali na chombo cha kasi. Boti ndogo, kama zile za aina ya Surprise zenye urefu wa mita 7.65, ziking'oa nanga saa nne asubuhi katika mwaka wa upepo hafifu, giza huzikuta ziwani.

Kwangu mimi mashindano yenyewe huanzia hapo. Mabaharia hukaa upande ambao tanga limeelekea, ili chombo kiinamie huko: tanga likajiweka umbo kwa uzito wake, na sehemu ndogo zaidi ya chombo ikagusa maji. Humulika kwa tochi nyuzi zilizobandikwa kwenye tanga waone kama zinapepea. Hutazama taa za wenzao, nyekundu na kijani, maana taa inayosogea inakuonyesha upepo ulipo. Na nahodha ana uamuzi mgumu wa kufanya. Katikati ya ziwa njia ni fupi, lakini upepo wa nchi kavu huanza kuhisiwa ufukweni na hufifia kadiri unavyojitenga nao. Aliyerefusha njia akaufuata ufukwe huweza kumpita aliyenyoosha, bila hata kumwona gizani.

Nimesema ni upepo mwembamba, lakini Ziwa Victoria linanilazimisha niongeze jambo. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na nchi kavu imelizunguka pande zote. Usiku kila ufukwe, wa Tanzania, wa Kenya na wa Uganda, hutoa umande wake, na pepo hizo huelekea katikati na kukutana. Hewa iliyokutana haina pa kwenda isipokuwa juu, nayo imebeba unyevu wa maji yenye joto yaliyo chini yake. Ikipanda hujenga mawingu makubwa, na mawingu huleta dhoruba. Mvua nyingi za ziwani humo hunyesha usiku na asubuhi mapema, wakati nchi kavu inayolizunguka hupata zake zaidi alasiri na jioni. Wavuvi wa dagaa huwa majini saa hizohizo na taa zao, na wengi wamepoteza maisha katika dhoruba hizo. Mtu aliyesimama ufukweni saa tisa usiku huona radi zikimulika mbali, katikati ya ziwa, ilhali juu ya kichwa chake ni nyota tupu na majani anayoyakanyaga yamelowa umande.